Hukumu Sio Mwisho wa Kipindi

Mulembe kwenu nyote: wa Kakamega mjini, wa Mumias, wa Butere, wa Nairobi, na nyinyi mlioko ng'ambo mnaosoma ujumbe huu mkiwa kazini huku mkubwa wenu akidhani mnajibu barua pepe.

Leo ujumbe ni mrefu kidogo, na leo mchungaji anazungumzia runinga. Najua kuna wazee wa kanisa watakaoanza kukohoa. Kohoeni taratibu, nitawafikia.

Kwetu nyumbani, kwa miezi mitatu sasa, tunaishi na wafungwa. Mama yangu mzazi, ambaye watoto wangu humwita Kukhu, alikuja kukaa nasi kwa sababu ya goti. Daktari alimwambia asitembee sana. Kumwambia mama wa Kiluhya asitembee ni kama kumwambia ingokho asichakure. Siku ya pili tulimkuta shambani kwa jirani, anamwelekeza jirani namna ya kupanda maharagwe. Ndipo kijana wangu akasema, ‘Baba, lazima tumtafutie kitu cha kumkalisha chini.' Akaingia kwenye intaneti, akatoka na mchezo wa zamani kutoka Australia unaoitwa Prisoner.

Kwa wasioufahamu, niwape kwa ufupi. Mchezo huu ulianza kuonyeshwa Februari 1979 na ukaisha Desemba 1986. Unahusu jela ya wanawake ya kubuni inayoitwa Wentworth, kule Melbourne. Mwanzoni walipanga vipindi 16 peke yake. Watu wakaupenda, vikaongezwa, vikaongezwa tena, mpaka vikafika 692. Uingereza na Marekani waliuita Prisoner: Cell Block H. Mwaka 2013 ukatengenezwa upya kwa jina la Wentworth, ukaenda mpaka 2021 na vipindi 100. Tulimwonjesha Kukhu huo mpya kidogo. Alitazama dakika kumi, akasema, ‘Huu una damu nyingi na taa chache. Nirudishieni wale wangu.'

Basi tukarudi kwa wale wake.

Kitu cha kwanza utakachokiona ni kuta. Jela nzima ilijengwa ndani ya studio, na askari akifunga mlango wa seli kwa hasira, ukuta unatikisika. Si mzaha, unatikisika kweli! Mashabiki wa huko wanaujua ukuta huo kama wanavyowajua waigizaji. Kukhu alipouona mara ya kwanza alisema, ‘Hawa wanakaa humo kwa hiari yao. Mimi na goti hili ningetoka kabla ya chakula cha mchana.' Wapendwa, Paulo na Sila kule Filipi walihitaji tetemeko la nchi ndipo misingi ya gereza itikisike. Wentworth inatosha afande kuamka vibaya.

Na lile jengo wanaloonyesha kwa nje, tukiambiwa ndiyo jela, lilikuwa jengo la kituo chenyewe cha runinga, pale Nunawading. Nilipomweleza Kukhu hivyo, alikaa kimya kidogo kisha akasema, ‘Kumbe waigizaji ndio waliofungwa.'

Shida yetu kubwa ilikuwa lugha. Kukhu hana Kiingereza, na Kiingereza cha Waaustralia hata mimi mwenye diploma ya theolojia kinanishinda. Kwa hiyo wajukuu wanatafsiri kwa zamu. Mfungwa anasimama katikati ya chumba, analia, anarusha mikono, anazungumza dakika mbili nzima. Kukhu anauliza, ‘Amesema nini?' Mjukuu anajibu, ‘Amesema hataki.' Kukhu anamtazama. ‘Amesema maneno hamsini, wewe umenipa mawili. Hayo mengine umeyala?'

Lakini majina aliyashika yote. Niwajulishe na nyinyi.

Kuna Bea Smith. Huyu ndiye nyapara wa wafungwa, ila ni nyapara asiye na barua ya uteuzi. Anatawala chumba cha kufulia, na humo mna pasi kubwa ya mvuke, mashine ya kubana mashuka. Katika vipindi vya mwanzo kabisa mkono wa mfungwa mgeni unaishia ndani ya pasi hiyo. Tangu siku ile Kukhu akimwona mtu yeyote akisogelea ile mashine anapaza sauti, ‘Toka hapo wewe!' Juzi nilipita karibu na duka la dobi hapa mjini, nikajikuta nimehamia upande wa pili wa barabara.

Kuna mzee Lizzie Birdsworth, mwenye uso uliokunjamana kama karatasi ya kufungia nyama. Alifungwa kwa kesi ya kuwatilia sumu wanaume waliokuwa wakikata manyoya ya kondoo, maana yeye ndiye alikuwa mpishi wao. Anapenda kinywaji, na hakuna sheria ya jela inayomzuia kukitafuta. Kukhu alimpenda siku ya kwanza. Alisema, ‘Huyu angekuwa Kakamega tungempa uenyekiti wa kikundi cha akina mama.' Akafikiri tena. ‘Lakini siku ya mazishi asikaribie sufuria.'

Kuna Doreen, mwanamke mzima anayenyonya kidole na kulala na mwanasesere wa dubu. Kuna Franky Doyle, mkali kama pilipili, ambaye alitoroka na akapigwa risasi na polisi akafa, na kipindi cha 20 tu ndicho kilikuwa kimefika. Jioni ile hatukula vizuri.

Upande wa maafande, kuna Vera Bennett, ambaye tabasamu kwake ni kama mvua ya Januari. Baadaye anakuja Joan Ferguson, mrefu, mpana, na glavu nyeusi za ngozi. Anazivaa polepole kabla ya kumpekua mfungwa. Vijana walituruka mbele ili tumwone. Kukhu akatoa hukumu papo hapo: ‘Mtu anayevaa glavu bila baridi, bila shamba na bila kuosha vyombo, mkimbie.'

Na kuna Meg, afande mwenye moyo mwema. Mumewe anauawa humo ndani ya jela, na bado anarudi kazini. Anaonekana mwanzoni mwa mchezo, na bado yupo mwishoni, baada ya vipindi karibu mia saba. Mama watoto huuliza kila jioni, ‘Huyu Meg hana likizo?'

Sasa wazee wangu, nimewafikia. Mmoja wenu aliniuliza kwa upole kama inafaa mtumishi wa Mungu kukaa jioni akitazama wauaji na walevi. Mzee wangu, nakuheshimu. Lakini tuliposoma kitabu cha Mwanzo mwaka jana, hatukuruka Kaini. Na Bwana wetu katika Mathayo 25 alipokuwa akiorodhesha mahali atakapotuuliza kama tulifika, alitaja kifungo waziwazi. Zaidi ya hayo, utaona kitu ambacho mchezo huu umekifanya nyumbani kwangu. Usiku mmoja kwenye maombi ya familia, Kukhu aliwaombea watoto wote, shangazi wote, na ng'ombe. Kisha akaongeza, ‘Na yule Bea, Nyasaye, umwondolee hasira na ile pasi.' Mama watoto alicheka mpaka ikabidi mimi nifunge maombi. Lakini nilipolala nilitafakari. Mama yangu ameanza kumwombea mfungwa kwa jina.

Hapo ndipo Mungu alianza kusema nami. Nina mambo matatu.

1. TUMEZOEA KUZIMA RUNINGA MAPEMA.

Wakenya, sisi tulilelewa na Vioja Mahakamani. Tangu enzi za Sauti ya Kenya, kabla haijaitwa KBC, tumecheka na Makokha, tumecheka na Ondiek, tumecheka na Masaku. Mshtakiwa anapanda kizimbani, anajitetea kwa Kiswahili cha kwao, karani anashindwa kujizuia, kiongozi wa mashtaka anakasirika, na mwishowe hakimu anatoa hukumu. Nilikuwa mtoto, na nawaambia hakuna kitu kilichotufurahisha kama kile.

Lakini fikiri. Kipindi kinaisha wapi? Kinaisha kwenye hukumu! Hakimu anasema miezi kadhaa, askari anamshika mshtakiwa mkono, wimbo unalia, nasi tunaenda kulala. Hakuna aliyetuonyesha yule mtu akivuliwa viatu. Hakuna aliyetuonyesha usiku wake wa kwanza. Hakuna aliyetuonyesha asubuhi anayotoka langoni na mfuko wa plastiki mkononi, akitazama kushoto na kulia kama kuna mtu aliyekuja kumchukua.

Prisoner unaanza pale Vioja inapoishia. Hukumu imeshatolewa, na ndiyo kwanza kipindi cha kwanza. Vipo 691 vinavyofuata.

Na hivyo ndivyo ilivyo katika maisha. Sisi wengine hesabu yetu huishia mahakamani. ‘Alishikwa?' ‘Alishikwa.' ‘Alifungwa?' ‘Miezi sita.' Tunasema ‘Haya,' tunaendelea na soko. Ukimuuliza mtu baada ya wiki mbili, hajui kama aliyefungwa yuko hai.

2. KUSAHAULIWA NI KIFUNGO CHA PILI.

Nilipiga hesabu. Ukitazama kipindi kimoja kila jioni bila kuruka hata siku moja, vipindi 692 vitakuchukua karibu miaka miwili. Hebu sasa fungua Mwanzo 40 na 41. Yusufu amemfasiria mnyweshaji ndoto, na amemwomba jambo moja tu: ukitoka, nikumbuke, nitaje kwa Farao. Mnyweshaji akatoka siku ya tatu, akarudishiwa kikombe chake, na akasahau. Yusufu akakaa ndani miaka miwili mizima mingine. Mlango ulikuwapo, na mtu wa kuufungua alikuwa akimmiminia mfalme divai kila siku. Kilichokosekana ni jina la Yusufu kutajwa mezani.

Wapendwa, hapa kwetu wapo watu waliokumbuka. Moody Awori, mbunge wa Funyula kule Busia, alipopewa wizara iliyosimamia magereza mwaka 2003, alifungua milango ya jela ili Wakenya waone ndani. Wafungwa wakaanza kupata magodoro, magazeti, hata runinga. Kwa hiyo usishangae: huenda jioni hii, wewe ukitazama mchezo wa wafungwa, kuna wafungwa wanaotazama mchezo wa watu kama wewe. Sijui wao wanasema nini kuhusu kuta zetu.

Mfikirie pia Teresia Njoroge. Alikuwa mfanyakazi wa benki. Mwaka 2011 alihukumiwa mwaka mmoja katika jela ya wanawake ya Lang'ata kwa kosa ambalo hakulifanya, na akaingia na binti yake wa miezi mitatu mgongoni. Alipotoka angeweza kukimbia asitazame nyuma, na nani angemlaumu? Yeye aligeuka akawarudia wanawake aliowaacha ndani. Akaanzisha shirika la Clean Start la kuwasaidia wanaotoka wasimame tena. Huyo ni mnyweshaji aliyekumbuka.

Na kuhusu huyo mtoto, wengi hawajui: sheria yetu inamruhusu mama kuingia jela na mtoto wake mdogo, naye anaweza kukaa humo mpaka afikishe miaka 4. Kwa hiyo unapopita karibu na jela ya wanawake hapa Kakamega, usifikirie watu wazima peke yao. Fikiria na mtoto anayejifunza kutembea ndani ya ukuta, ambaye hajawahi kuvunja hata kikombe.

3. KUTOKA NI KUGUMU KULIKO KUINGIA.

Sasa nakuja mahali ambapo sikucheka.

Katika Prisoner, siku ya mtu kutoka huwa ni sherehe. Wenzake wanamkumbatia, wanamwambia asirudi, afande Meg anatabasamu. Lango linafunguliwa. Kisha vipindi vichache baadaye, nani huyo anashuka kwenye gari la polisi? Ni yuleyule. Kukhu mwanzoni alikuwa anakasirika. ‘Hawa hawana akili? Si mlimfungulia?' Lakini ilipotokea mara ya tatu au ya nne, hakukasirika tena. Alikuwa amejifunika shuka miguuni, na akasema polepole kwa Kiluhya. Nawatafsiria kadiri niwezavyo, na sitakula maneno:

‘Huyo hakurudishwa na wizi. Amerudi kwa sababu humo ndani kuna mtu anayemwita kwa jina lake.'

Nilizima simu yangu nikakaa nalo neno hilo.

Kwa sababu wapendwa, tunaye dada mmoja katika kanisa letu. Ameniruhusu niandike haya mradi nisitaje jina lake wala kijiji chake. Alikaa jela miezi minne. Alipatikana akiuza chang'aa, akapewa faini ya bei ya ndama mmoja, hakuwa nayo, akaingia ndani. Pesa za chang'aa zilikuwa za karo. Mnisikie vizuri: SITETEI CHANG'AA. Nimezika vijana wa chang'aa. Nimesimama kaburini na mama zao, na sitaki kusimama huko tena. Lakini mahakama ilimpa miezi minne, na miezi minne ameimaliza. Mimi katika Biblia yangu sijaona mahali kanisa limepewa mamlaka ya kumwongezea mtu kifungo.

Alirudi ibadani. Akakaa benchi la tatu kutoka nyuma, upande wa kushoto. Benchi lile linaketisha watu sita. Jumapili ya kwanza alikaa peke yake na mkoba wake. Jumapili ya pili, peke yake na mkoba wake. Mabenchi mengine akina mama wamebanana saba saba, jasho linawatoka, mtoto mmoja kakalia Biblia ya mwenzake, na lile benchi lina upepo mzuri wa dirishani. Mtu anapita, analitazama, anakumbuka kuwa ana neno la kumwambia mtu wa mbele.

Wakiulizana wanamwita ‘yule wa jela'. Jina alilobatiziwa tunalo kwenye daftari la kanisa.

Kisha kuna habari ya chama. Dada huyu alikuwa amechanga miezi saba kwenye mzunguko wa akina mama. Zamu yake ya kupokea ilifika akiwa ndani, ikapita, akapewa aliyefuata. Sasa wengine wanasema zamu yake imeisha kwa sababu ‘hakuwepo'. Mabibi wapendwa, HAKUWEPO? Alikuwa safari ya Dubai? Miezi saba ni jasho lake, na hakuna hakimu aliyesema faini yake ilipwe kwa chama.

Jumapili iliyopita ndiyo Jumapili ambayo Kukhu alisema goti limepona vya kutosha. Aliingia na fimbo yake, watu wakainuka kumpisha mbele, maana ni mama wa mchungaji na ana kiti chake. Hakukitazama. Alikata kona, akaenda mpaka benchi la tatu kutoka nyuma, akakaa, akapumua. Mimi niko mimbarani, natazama. Alimgeukia yule dada, na kwa kuwa Kukhu hasikii vizuri, alichokidhani ni mnong'ono kilisikika mpaka kwa wapiga ngoma:

‘Wewe ndiwe umetoka? Niambie, huko ndani nyapara alikuwa nani?'

Kanisa likanyamaza. Nikadhani nimepata kesi. Yule dada alimtazama, mdomo ukaanza kutetemeka, halafu akacheka. Akacheka kicheko cha tumboni, cha mtu ambaye hakucheka kwa muda mrefu. Kukhu akaendelea, ‘Na ile pasi ya mvuke, mnayo?' Dada akajibu, ‘Hakuna pasi, Kukhu. Tulifua kwa mikono.' ‘Afadhali,' Kukhu akasema, ‘ile ni mbaya sana.'

Baada ya ibada waliketi pale wawili karibu saa nzima. Jioni nilimuuliza Kukhu walizungumza nini. Alisema dada alimweleza kwamba chakula alikizoea, kulala chini alikuzoea. Ambacho hakukizoea ni siku za wageni, kusikia majina yakiitwa. Mimi na mama watoto tulienda kumwona, na alishukuru, lakini alimwambia Kukhu maneno haya: mchungaji kuja ni kazi yake. Yeye alikuwa akisikilizia kama atakuja rafiki.

Wapendwa, mama yangu hakusoma chuo cha Biblia. Alichokuwa nacho siku ile ni miezi mitatu ya kutazama wanawake wa kubuni, katika jela ya mbao, katika nchi ambayo hataifika. Alikuwa ameshajua kwamba mfungwa ana jina, ana rafiki, ana wasiwasi wa binti yake. Bea ana binti anayeitwa Debbie, na huyo binti anakufa kwa dawa za kulevya huku mama yake amefungiwa ndani. Kukhu alilia kwa ajili ya Debbie. Basi alipofika kwenye benchi letu hakuogopa. Alikuwa na maswali mengi ya kuuliza.

Mwandishi wa Waebrania 13:3 anatuambia tuwakumbuke waliofungwa kama vile sisi wenyewe tumefungwa pamoja nao. Hakusema tuwahurumie tukiwa mbali. Alisema kama vile seli ni moja, benchi ni moja.

Kwa hiyo natoa kazi, na si kwa watu wa mbinguni, ni kwa sisi wa hapa.

Jumamosi hii akina mama mna mkutano wa chama, na najua jambo la zamu limewekwa kwenye ajenda. Mimi si mwanachama na sina kura. Ninachowaomba ni kwamba katibu asome daftari kwa sauti, mwezi kwa mwezi, kila mchango wa dada yetu, na amsome kwa jina lake kamili. Mkishasikia hiyo miezi saba, piga kura jinsi Roho atakavyowaongoza.

Jumamosi ya mwisho wa mwezi tunaenda jela ya wanawake hapa mjini. Tunakusanya sabuni ya kipande, pedi, tishu, mafuta ya kujipaka, na nguo za watoto walio chini ya miaka 4. Nguo ziwe safi na vifungo viwepo. Usilete ile ambayo mtoto wako mwenyewe aliikataa. Na kama unamjua mtu aliye ndani, hata kama mlikosana naye juu ya mpaka wa shamba, njoo siku hiyo umwulizie kwa jina.

Na Jumapili, benchi la tatu kutoka nyuma, upande wa kushoto, lina upepo wa dirishani na nafasi nne. Kukhu amesema hatashika nafasi ya mtu, ila mkichelewa atanyoosha goti.

Tuombe. Baba, tunawaweka mikononi mwako dada zetu walio ndani usiku huu, na watoto waliolala nao. Wape usingizi. Wabariki maafande wenye moyo mwema ambao hawana likizo. Watakaotoka kesho asubuhi, waandalie mtu langoni. Na sisi uliotuacha nje, utufungue macho tuone huyo mtu ni nani. Katika jina la Yesu.

Kama umeomba pamoja nami, andika Amina hapo chini, na uandike pia utaleta nini Jumamosi ile, ili tujue ukubwa wa gari.

Nawapenda.
Mchungaji wenu, Kakamega